Wafu Hawapindui Malori

Kila mnaponikuta pale kijiweni karibu na stendi, vijana, swali lenu ni lile lile. "Mzee Rajabu, wewe uliyeendesha greda miaka yote ile, ni kweli ulimwona yule binti wa Kona ya Wapagazi?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, maana kila nikijibu mnasikia mnachotaka kusikia. Sasa naliandika, asiyetaka kusoma asisome.

Ndiyo, nilimwona. Nilimwona mara nyingi, mchana kweupe, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akinigombeza kwa sababu nimechota karanga za kuonja nyingi kuliko nilizonunua. Jina lake Kalunde. Hakuwa na gauni jeupe linalopepea. Alikuwa na sketi ya shule iliyoshonwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine, na jino moja la mbele lililokatika alipokuwa akicheza mpira na kaka zake. Nyinyi mnaomwogopa hamkumjua. Mimi niliyemjua simwogopi, namkumbuka tu. Na kwa kuwa mmeshamtembeza kwenye simu zenu kutoka Tabora hadi Dar es Salaam na muziki wa kutisha nyuma yake, kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Kwanza mnielewe mimi ni mtu wa namna gani. Nimezaliwa Tabora mjini, baba yangu fundi seremala, na mimi nikaangukia kwenye barabara. Nimechonga barabara za udongo upande wa Nzega, upande wa Igunga, na zaidi ya zote upande wa Urambo, kwenye malori ya tumbaku. Mwendesha greda hukaa juu peke yake, mwendo wake ni wa kobe, na mbele yake kuna barabara tupu kutwa nzima. Kama kuna mtu angepaswa kukutana na mizimu ya njia ya misafara, ni sisi. Nilichokutana nacho ni nyoka, nyuki, na watu waongo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja Mnyamwezi, Mzee Kapela, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kama makoleo. Alikuwa na dharau kwa mambo ya vioja kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na nadhani aliniambukiza. Siku moja tulikuwa karibu na Puge, wazee wa pale wakatusimamisha barabarani. Wakasema tusipite, kwa sababu chini ya barabara kunalia. "Kunalia nini?" akauliza Kapela. Wakasema ni mifugo ya mtemi wa kale aliyezikwa na ng'ombe na mbuzi wake. Juma lote lile watu walikuwa wanashuka kwenye baiskeli na kuzunguka porini ili wasikanyage pale.

Kapela alizima mtambo, akashuka, akalala kifudifudi kwenye vumbi na kutega sikio. Kweli, kulikuwa kunalia. Akainuka, akajipangusa, akatelemka mtaroni, akapiga kelele moja ya mchungaji. Mbuzi wakatoka mmoja baada ya mwingine ndani ya kalavati, lile bomba la maji lipitalo chini ya barabara, walikokuwa wamejikinga na jua. Mmoja alikuwa na kengele shingoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini Kapela hakucheka. Alinionyesha wale wazee. "Tazama nyuso zao, Rajabu. Wamechukia. Tumewanyang'anya kitu."

Wakati ule niliona ni mzaha. Baadaye nilielewa alichokuwa anasema. Mkimweleza mtu kuwa hakuna mzimu, msidhani atawashukuru.

Sasa tuje kwenye kona yenyewe.

Ipo kwenye njia ya zamani ya kwenda Urambo, au niseme ilikuwepo. Hadithi mnayoijua ni kwamba msafara wa wapagazi wa pembe za ndovu uliangamia pale kwa kiu, wakazikwa chini ya rundo la mawe, na tangu hapo wanatembea barabarani na mizigo yao kichwani, wakitafuta pa kuiweka. Dereva akiwaona anakata usukani, gari linapinduka. Ndiyo sababu, mnasema, malori yanaanguka pale.

Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu wengine mpaka mgongo wake ukapinda, na wenzake waliokufa njiani walikufa kweli, kwa njaa na ndui na mijeledi, na hakuna ajuaye walikolala. Hao walikuwa watu. Na nyinyi, badala ya kusikitika, mmewapa kazi nyingine ya kupindua malori ya tumbaku. Hamwoni haya? Hata wakiwa wafu mnawatwisha mzigo.

Ukweli wa kona ile ni huu, na utawafaa wale wenu mnaoendesha. Mpagazi akikuta kichuguu njiani hakikati, anakizunguka. Wanaomfuata wanafuata nyayo zake. Gari la kwanza lilifuata njia ya miguu, na greda la kwanza likafuata gari. Ndiyo maana barabara ilijikunja pale bila sababu yoyote ila kichuguu kikubwa kama nyumba. Kwenye kona, upande wa nje lazima uinuliwe kuliko wa ndani, ili gari lijiegemeze barabarani kama mtu anavyojiegemeza ukutani. Pale haikuwezekana, kwa sababu upande wa ndani kulikuwa na kichuguu na mwamba, na kila mvua ilipokuja ilikwangua upande wa nje ukazidi kushuka. Kona ikalala nje. Juu yake mmwage changarawe za mviringo kama gololi, kisha mlete lori lililopakiwa marobota ya tumbaku hadi juu, dereva ana haraka ya kuwahi foleni ya mapokezi. Litaanguka tu. Hata likiendeshwa na shehe litaanguka.

Kila mwaka niliichonga kona ile, na kila mwaka mvua iliirudisha ilivyokuwa. Injinia wetu aliliona tatizo mapema, alikuwa kijana makini. Kapela alipokwisha kustaafu, injinia akapima njia mpya inayopita juu ya kichuguu na kunyooka. Lakini njia hiyo ilipita palepale kwenye rundo la mawe, na serikali ya kijiji ikasema hayo ni makaburi ya wapagazi, hayaguswi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa bwana mmoja anaitwa Maganga, mwenye sauti nzito na fimbo ya mpingo. "Greda litakalogusa mawe yale," alisema, "dereva wake atakufa kabla hajashuka." Injinia hawezi kupitisha barabara kwenye makaburi bila kijiji kukubali. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Kwa hiyo tukabaki na kona.

Na madereva, badala ya kupunguza mwendo, wakaja na dawa yao. Walipofika pale walipiga honi na kutupa sigara dirishani, eti kuwagawia wapagazi. Hebu fikirini. Mtu yuko kwenye kona mbovu kuliko zote katika barabara nzima, na hapo ndipo anapochagua kuachia usukani mkono mmoja ili amvutishe marehemu.

Kambi yetu ilikuwa karibu na kijiji hicho, na aliyetupikia ni Mama Kalunde. Alikuwa mjane, mkulima, mwimbaji wa kwaya ya Moravian, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, mpaka nikawa nasahau kwamba nina mke Tabora anayejua kupika. Kalunde alikuja mchana akitoka shule, kwa baiskeli ya marehemu baba yake, akauza karanga pembeni ya chungu cha mama yake. Alikuwa anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kapela, aliyekuwa bado hajastaafu, alimtania: "Wewe, mkono huo utakunyima mume." Naye akajibu bila hata kumtazama: "Babu, wa kulia umekupa nini zaidi ya greda?" Kambi nzima ikaangua kicheko. Kapela alirudia maneno hayo mpaka anastaafu, kila mara akiyacheka upya.

Kalunde alikufa msimu wa soko la tumbaku, mchana, akirudi nyumbani. Lori liliingia kwenye kona, likateleza upande wa nje, likalala. Yeye alikuwa ukingoni upande huo, ameshuka kwenye baiskeli kulipisha.

Mimi ndiye niliyefika na greda kuinua lile lori. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wenye kutaka mambo hayo watafute kwenye simu zao.

Msibani alikuja dereva, Bakari, mkono umefungwa bandeji. Watu walimpisha njia. Alikaa kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anakuja taratibu kabisa, ghafla akaona mtu mwenye mzigo kichwani anakatiza, hana uso. Akakata usukani. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Ndiyo wao." Mwingine akasema, "Wamechukua." Nikaona msiba mzima unatulia, kama watu waliopewa maji. Hakuna mwenye kosa tena. Si dereva, si barabara, si mwenyekiti, hakuna.

Mama Kalunde alikuwa amejifunika khanga kichwani. Akaifunua.

"Bakari," akasema, "huyo mpagazi alikuwa anatokea upande gani?"

"Upande wa porini, mama."

"Akaelekea wapi?"

"Sikuona alikoelekea."

"Na mwanangu alikuwa upande gani?"

Bakari akainamia bandeji yake.

"Umemwona mtu aliyekufa zamani, hana uso," mama akasema. "Mtoto mwenye baiskeli hukumwona."

Hakupaza sauti. Mwanamke mmoja akamshika bega, akamwambia, "Mama, usishindane na mambo haya." Akafunikwa tena khanga, na watu wakaanza wimbo haraka haraka.

Juma lililofuata Maganga aliitisha tambiko kwenye kona. Mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa. Mizimu ilipata damu iliyomwagika chini, kamati ikapata nyama. Injinia alipouliza tena habari ya njia mpya, akaambiwa haina haja, mambo yameshasawazishwa. Na mvua ya kwanza ikaja, ikaikwangua kona vilevile.

Mama Kalunde alirudi kupika. Sikutegemea, lakini alirudi, kwa sababu alikuwa na watoto wengine wa kulisha. Wakati huo malori mengi yalikuwa yanasimama kambini kula kwake, hata ya mbali yasiyomjua. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sijawasamehe madereva mpaka leo, na mimi ni dereva.

Ilikuwa saa za chakula cha mchana. Kijana mmoja wa lori la mbao, Sudi, kifua wazi na miwani ya jua juu ya kipara, alikuwa anawasimulia wenzake na mdomo umejaa ugali. Alisema kwenye kona ile amesimamishwa na binti. Mrembo ajabu, mrefu, nywele hadi mgongoni, gauni jeupe, ananukia marashi. Akampakia. Kufika mbele kidogo anageuka, kiti kitupu, kimelowa maji. "Ni yule binti aliyekufa," akasema. "Wapagazi wamempeleka barabarani awatafutie wengine."

Wenzake wakaguna kwa raha. Mmoja akasema na yeye alimwona. Wa tatu akasema yeye alimsikia akicheka.

Nilikuwa nimeshasimama nimwambie afunge mdomo. Mama Kalunde alinionyesha kiganja, nikakaa. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja akakaa mbele ya Sudi.

"Nywele zilikuwa ndefu?"

"Ndefu, mama, mpaka hapa."

"Za kwake zilinyolewa. Shule hawakuruhusu nywele."

Sudi akatabasamu, hajaelewa bado. "Labda zimeota huko aliko."

"Mlango aliushika kwa mkono gani?"

"Mkono… wa kulia."

"Hapana," akasema mama. "Alikuambia umpeleke wapi?"

"Tabora, mama."

"Tabora kufanya nini? Alikuwa anakuja nyumbani. Nyumbani ni hapa ulipokaa."

Mtu mmoja nyuma akamnong'oneza Sudi. Sudi akaweka tonge chini. Wenzake wote wakawa wanatazama sahani zao kama wanasoma.

"Mama, nisamehe, mimi sikujua kama…"

"Ungejua usingesema?" akauliza. "Au ungesema kwa sauti ndogo?"

Mama Kalunde akasimama. "Mimi nimekaa miezi namsubiri hata ndotoni, haji. Mama yake. Halafu anakuja kupanda lori lako?" Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akilia mbele ya watu. Kisha akafuta uso kwa upindo wa khanga, akamwambia, "Kula. Chakula hakina kosa."

Sudi hakuweza kula. Hakuna aliyeweza.

Jioni hiyo Mama Kalunde aliniuliza, akiniita kwa jina la mwanangu, "Baba Zuhura, hiyo njia mpya ya injinia inazuiwa na nini hasa?" Nikamweleza habari ya mawe. Akauliza, "Nani aliyeyaona yakiwekwa?" Nikasema ya zamani yale, nani atakuwa hai. Kisha nikasita. Nikasema, "Labda nimuulize Kapela, yeye alifika huku mwanzo."

Nilimfuata Kapela kwake, alikuwa ameshastaafu, ana shamba la karanga na mizinga ya nyuki. Nilipomtajia rundo la mawe alinikodolea macho, kisha akapiga paja. "Makaburi? Rajabu, mawe yale ni yangu! Tulipofungua ile barabara mimi na wenzangu ndio tulioyaokota yasivunje visu vya magreda, tukayarundika pale. Wapagazi gani?"

Nikadhani kazi imekwisha. Nilikuwa mjinga kama nyinyi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi, watu wengi. Kapela akaja na koti lake la kuendea kanisani. Akasalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, wakamwitikia vizuri, kisha akaeleza yale mawe, nani alibeba lipi, nani aliangukiwa kidoleni. Watu walicheka mahali pa kuchekesha. Alipomaliza, Maganga akainuka na fimbo yake.

"Tunamshukuru mzee wetu. Mawe ni ya kwake, tumekubali. Lakini swali ni moja. Kwa nini, katika pori lote hili, mliona myarundike palepale? Nani aliyewaongoza mikono?"

Uwanja mzima ukashangilia. Wallahi walishangilia. Kapela akanitazama, nikamtazama.

Mama Kalunde akasimama. Akasema anaomba mtu mmoja tu azungumze, na mtu huyo ni Bakari. Bakari alikuwepo, nyuma kabisa, kwao ni kijiji cha jirani. Hakutaka kuja mbele, lakini watu walimsukuma, kwa sababu walitaka kusikia tena habari ya mpagazi asiye na uso.

"Waeleze ulichoona," mama akasema.

Bakari akaanza. "Nilikuwa nakuja taratibu…" Akamtazama yule mama, akatazama chini. Watu wakaanza kunung'unika. Kisha akasema, "Sikuwa nakuja taratibu. Nilikuwa nawahi foleni. Niliingia na kasi, nikatoa mkono kutupa sigara, gari likaanza kuteleza. Sikuona mtu yeyote. Binti ndiye niliyemwona, nimeshachelewa."

Akakaa palepale chini, katikati ya uwanja, kama mtu aliyekatwa miguu.

Nyinyi mngedhani hapo ndipo watu wangeinama kwa aibu. Maganga hakusubiri hata kidogo. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Wamemfunga ulimi. Anaogopa kuwataja." Na kuna vichwa vilitikisika kukubali, nimeviona kwa macho yangu, vichwa vya watu wazima wenye watoto shuleni.

Ndiyo maana nawaambia, simdharau mtu anayeogopa. Hofu ni ya kila mtu. Namdharau anayeletewa ukweli mpaka mkononi, na mwenye kuuleta analia, naye anautupa kwa sababu uongo una ladha zaidi.

Mama Kalunde alikunja khanga yake ikawa ngata ya kubebea mzigo, akaiweka kichwani, akaondoka uwanjani. Tukamfuata, maana hakuna aliyejua anakwenda wapi. Alikwenda kwenye kona, akapanda mpaka kwenye rundo, akainama, akachukua jiwe, akajitwisha. Watu walisimama barabarani wanasubiri aanguke afe. Akashuka nalo hadi ukingoni mwa barabara, akalitua. Akarudi kuchukua la pili.

Mwanamke mmoja wa kwaya yao akatoka kwenye kundi, akakunja khanga. Kisha wa pili. Yule yule aliyemwambia msibani asishindane, na yeye akapanda. Wanaume tulisimama tukitazama, na nasema tulisimama, mpaka Kapela akavua koti lake la kanisani akanipa nilishike, akapanda mwenyewe. Nikalitupa lile koti kwenye kichaka, nikamfuata. Baada yangu akaja Bakari, na mkono wake ule mbovu.

Tulimaliza rundo kabla ya jua kuzama. Chini yake kulikuwa na udongo mtupu, ng'e kadhaa, na kopo la grisi lililooza kwa kutu. Kapela akalipindua kwa mguu, akasema kwamba kumbe alikuwa anamsingizia mwenzake bure kuwa ameliiba. Wanawake wakacheka mpaka wakashika viuno. Hata Mama Kalunde alicheka kidogo. Maganga alikuwa ameshaondoka.

Injinia alipokuja hakukuta kitu cha kukatazwa. Tukaleta katapila likafumua kichuguu, na mimi nikaja na greda kuchonga. Nitawaambia hapa jambo la kazi, hata kama sasa mnaendesha mitambo yenye kiyoyozi. Msichonge udongo mkavu. Mwagieni maji, mchukue konzi moja, mkamue. Ukishikana bila kuacha maji kiganjani, hapo anzeni. Kisu cha greda kilale, kisisimame wima, kiukokote udongo kama mtu anayepaka siagi, kisiuparure. Na barabara muipe mgongo, maji yashuke pande zote mbili. Mawe ya lile rundo tuliyapanga mtaroni yazuie mmomonyoko. Nilichonga sehemu ile nikirudia na kurudia, mpaka mwenzangu wa boza la maji akaniuliza kama nataka kulala pale. Sijawahi kuchonga barabara nzuri kama ile.

Lori halikuanguka tena pale. Baadaye ikaja lami, ikafuata mstari wetu. Ile kona ya zamani imemezwa na miombo, ukipita huioni. Bakari aliacha udereva, akalima. Kila msimu alikuwa akimpelekea Mama Kalunde gunia la mahindi, naye alilipokea bila kumkaribisha ndani. Sijui kama aliwahi kumsamehe, sikumuuliza, na nyinyi msiniulize.

Basi mngetegemea hadithi ifie hapo, kwa kuwa kona haipo. Haikufa. Ilihama tu. Sasa mnasema binti anasimama kwenye barabara iliyonyooka, anapunga mkono, na anayesimama hafiki aendako. Mnarekodi, mnatuma, mnaogopeshana na kucheka.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Mama Kalunde. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo, bado anakaanga karanga. Akaniambia kwamba masika iliyopita mkwe wake alitoka nyumbani mchana na mtoto mgongoni, mtoto ana degedege, akaenda kusimama barabarani atafute gari la kumfikisha hospitali. Alikuwa amevaa khanga nyeupe, kwa sababu ndiyo aliyoiona karibu. Mvua inanyesha. Alipunga mkono kwa kila gari. Likija moja linapunguza mwendo, dereva anamtazama, anamwona mwanamke amelowa, amevaa nyeupe, mahali pale. Kisha anakanyaga mafuta. Magari mengi yalipita hivyo. Moja lilipiga honi na kumtupia sigara.

Aliyemchukua mwishowe ni mzee wa baiskeli asiye na simu, ambaye hadithi zenu hazijamfikia. Alimpakia nyuma, akapiga pedeli kwenye mvua ile mpaka zahanati. Mtoto alipona. Hakupona kwa hisani yenu.

Kwa hiyo, madereva, mkipita kule mkakuta mwanamke amesimama mvuani, nywele zimemganda usoni, anapunga mkono kama mwehu, simameni. Huyo ana mtoto mgonjwa.